Treni Iliyongojea Kuku

Siku moja Kuka alichelewesha treni nzima kwa sababu ya kuku. Kuka ni babu, kwetu ndivyo tunavyomwita, kwa hivyo hadithi hii ilituchekesha hata kabla haijaanza. Kuka na kuku. Ungeyataja tu maneno hayo mawili jikoni, binamu zangu wangeangua kicheko.

Kuka alikuwa gadi wa treni miaka ya 1960, kwenye njia ya tawi huko magharibi mwa Kenya. Kama hujawahi kufikiria mambo ya reli, na mimi sikuwahi hadi nilipokuwa mkubwa, njia ya tawi ni ile inayochomoka kutoka reli kubwa na kuingia ndani mashambani, mahali ambapo reli kubwa haina shughuli. Yao ilikuwa na treni moja tu. Ilitoka mwisho wa tawi mchana, ikafika jankisheni jioni, ikalala huko, ikarudi kesho yake asubuhi. Usifikirie yale madude makubwa ya mvuke kama Mount Gelai, lile la 1955 lililosimama kwenye makumbusho ya reli pale Nairobi, lenye uzito wa zaidi ya tani 250. Hayo yalikuwa ya reli kubwa. Injini yao ilikuwa ndogo, kuukuu, na yenye kiu ya maji kila baada ya vilima viwili. Nyuma yake mabehewa machache ya abiria, halafu ya mizigo: mahindi, magunia ya makaa, mbuzi, wakati mwingine kitanda cha bibi harusi. Nyuma kabisa, behewa la gadi.

Watu wengi hudhani mkubwa wa treni ni dereva. Kuka alikataa hilo kwa ukali. Dereva ni wa injini, alisema, treni ni ya gadi. Gadi ndiye mwenye filimbi na bendera ya kijani, na bila bendera hiyo dereva haondoki, hata kama mke wake anajifungua stesheni ya pili.

Sasa, siku hiyo wako kwenye stesheni ndogo, kibanda cha mabati na bango la jina, basi. Saa imefika. Kuka ameshika bendera, anataka kuinua mkono, anaona mama anakuja mbio kwenye kijia kando ya shamba la mahindi, tenga la kuku kichwani, mkono mmoja umeshika tenga na mwingine unampungia yeye. Kuka akakunja bendera. Mama akafika akihema, akaweka tenga chini ili apande, kamba ikakatika, kuku sita wakatawanyika.

Kilichofuata ndicho kilichokuwa kikituua kwa kicheko. Jogoo aliingia chini ya behewa, Kuka akaingia nyuma yake na kofia yake ya kazi. Msaidizi wa dereva, yule wa kutunza moto, akashuka na uso mweusi kwa masizi. Abiria wa daraja la tatu wakaruka nje kusaidia. Mwalimu mmoja mwenye tai akavua koti lake akamrushia kuku kama mtu anayevua samaki kwa kimia. Injini nayo ilikuwa imesimama moto ukiwaka, mvuke ukazidi, vali ya usalama ikafunguka na kupiga ukelele, na kuku wawili waliokuwa wameshakamatwa wakatoroka tena. Dakika ishirini na tano zilipita hivyo. Walipoondoka hatimaye, treni nzima ilikuwa ikiimba.

Hadithi yetu iliishia hapo. Kwa miaka mingi nilidhani huo ndio mwisho wake.

*

Nilisikia sehemu iliyobaki nikiwa kidato cha tatu. Ilikuwa likizo ya Agosti, mimi na Kuka tumekaa nyuma ya nyumba tukipukuchua mahindi. Nilimwambia airudie ile ya kuku. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Kwenye behewa la pili kulikuwa na kijana."

Kijana huyo alikuwa amepata telegramu kwamba baba yake amelazwa, mahututi, kwenye mji ulio mbali, usiku mzima kwa treni. Alipanda treni ya Kuka ili ashike treni ya usiku pale jankisheni. Kwa kawaida treni ya tawi ilifika robo saa kabla ya ile kubwa kuondoka. Siku ya kuku haikufika kwa wakati. Steshenimasta wa jankisheni aliiwekea ile kubwa dakika tano za ziada, halafu akairuhusu iende. Hakuwa mtu mbaya. Reli ilikuwa ya njia moja, na kwenye njia moja treni mbili hazipishani popote isipokuwa kwenye stesheni yenye njia ya pembeni. Huko mbele kulikuwa na treni ya mizigo imesimama pembeni ikiisubiri hiyo ipite, na mbele ya hiyo nyingine tena. Ukichelewesha moja umechelewesha zote, na huko mbele hakuna anayejua kwamba chanzo ni jogoo.

Kijana alilala kwenye benchi. Treni ya abiria iliyofuata ilikuwa usiku wa kesho yake. Baba yake alifariki mchana uliokuwa katikati.

Alirudi baada ya wiki mbili, kichwa kimenyolewa. Treni ilipofika stesheni yake alishuka, akatembea hadi behewa la gadi, akamwamkia Kuka kwa heshima. Kuka alimuuliza habari za safari, maana hakujua lolote. Kijana akamweleza. Kisha akasema, "Mzee, sikulaumu. Hata mimi nilishuka nikakimbiza kuku. Nilicheka kama wengine. Lakini hukutuuliza."

Kuka aliniambia, "Angenitukana, ningelala vizuri usiku ule."

*

Nimetembea na hilo neno miaka mingi. Hukutuuliza.

Wahenga wetu hawasaidii hapa. Walituambia haraka haraka haina baraka, kisha hao hao wakatuambia ngoja ngoja huumiza matumbo, wakaenda zao. Shuleni nilidhani ni methali mbili zinazogombana na mwalimu anachagua moja kulingana na swali la mtihani. Siku hizi nadhani zinasemwa na watu wawili tofauti. Ya kwanza anaambiwa mtu anayekimbia. Ya pili inamtoka mtu aliyeketi, anayengojeshwa. Yule mama alikuwa kwenye kijia, yule kijana alikuwa kwenye kiti, na kila mmoja alikuwa na methali yake.

Nianze kwa kumtetea Kuka. Kuku sita si mchezo. Yawezekana walikuwa karo ya muhula, au dawa, au deni la dukani. Treni nyingine ilikuwa kesho, na soko la leo halifanyiki kesho. Kuka aliyaona hayo yote kwa jinsi yule mama alivyokuwa akikimbia. Mtu anayeweza kumwangalia mama kama huyo, ajue kwamba mkono wake mwenyewe ndio utakaomwacha, na bado apeperushe bendera kwa sababu saa imesema hivyo, huyo simwelewi. Kama ningekuwa pale ningetaka angoje. Wewe pia, enyewe, ungetaka angoje.

Lakini hebu tuulize Kuka alitoa nini siku ile. Hakutoa wakati wake. Alikuwa kazini, mshahara ni ule ule, dakika ishirini na tano za kukimbiza kuku kwake zilikuwa burudani. Alichompa yule mama ni wakati wa watu waliokuwa ndani. Ni kama kumnunulia mtu chakula kwa M-Pesa ya rafiki yako. Wewe umeonekana mkarimu, aliyekula ameshiba na anakubariki, na mwenye pesa hana habari hadi siku atakapozihitaji. Hatusemi kwamba chakula kilikuwa kibaya. Tunasema hukuwa na haki ya kukitoa peke yako.

Wema mwingi tunaousifu uko hivyo, na hatuangalii risiti. Karani anayemruhusu shangazi yake aingie kabla ya foleni anamtendea wema shangazi kwa wakati wa wale kumi walioamka saa kumi usiku. Mwalimu anayengoja mwanafunzi mmoja amalize anawakalisha thelathini. Wakati mwingine ni sawa kabisa. Shida ni kwamba anayepokea tunamwona na anayelipa hatumwoni, kwa hivyo hesabu yetu daima inatoka nzuri.

*

Hapo ndipo ratiba inapoingia, na nataka kuitetea kidogo, hata kama hakuna mtu mwenye moyo anayependa ratiba.

Kabla ya reli, kila mji Uingereza ulikuwa na saa yake, iliyofuata jua la mahali hapo. Bristol ilikuwa nyuma ya London kwa dakika kama kumi, na hakuna aliyeona tatizo, kwa sababu hakuna aliyesafiri kwa kasi ya kutosha kuigundua tofauti hiyo. Mwaka 1840 reli ya Great Western ikaanza kutumia saa ya London kwenye stesheni zake zote. Bristol haikukubali haraka. Saa ya jengo la soko lao la zamani, Corn Exchange, iliongezewa mshale wa pili wa dakika, mmoja wa saa ya mji na mmoja wa saa ya treni, na hadi leo ukienda utaikuta na mishale yote miwili. Ilichukua hadi 1880 sheria kuamua kwamba nchi nzima ina saa moja.

Hadithi hii kwa kawaida husimuliwa kama msiba: mashine imelimeza jua, kengele ya kiwanda imeshinda jogoo. Kuna ukweli hapo. Lakini ratiba ina sifa moja tunayoisahau. Haijui sura ya mtu. Ukiwa na tiketi ya daraja la tatu na miguu pekupeku, ratiba imekuahidi saa ile ile iliyomwahidi tajiri wa daraja la kwanza. Ni ahadi chache sana ambazo maskini hupewa kwa maandishi na kubandikwa ukutani.

Nilimuuliza Kuka kama waliwahi kungoja mtu mwingine vile. Akacheka, lakini si kicheko cha kuku. Akasema wakubwa waliwangoja mara nyingi. Kabla ya uhuru walikuwa wazungu, baada ya uhuru walikuwa wengine. Ujumbe ulikuja kwamba bwana fulani yuko njiani, msitoke. Bendera ilikunjwa vile vile, injini ikapiga ukelele vile vile, na hakuna aliyeimba.

Hilo ndilo linalonitatiza. Ukimpa gadi uwezo wa kumngoja mama wa kuku, umempa uwezo wa kumngoja mheshimiwa. Ni mkono ule ule. Na sisi Wakenya tunajua unatumika vipi zaidi. Nani hajasimama juani saa tatu akiwa darasa la tano, na sare imefuliwa na wimbo umekaririwa, akimngoja mgeni wa heshima aliyekuwa bado anakunywa chai mahali? Tunaambiwa Waafrika hatuna haraka, tuna utu, tunangojana. Si kweli. Sisi huwangoja wakubwa. Mama wa kuku anaachwa kwenye stegi, na makanga anagonga bodi ya gari kwa kiganja, twende, twende.

Kwa hivyo mtu akiniambia anataka dunia ya zamani yenye subira, namuuliza subira ya nani, kwa faida ya nani.

*

Kuna gadi mwingine ninayempenda, ambaye yeye alikosea upande wa pili.

Huko Wales kuna reli ndogo inayoitwa Talyllyn. Inaanzia mji wa Tywyn ulio pwani na kupanda bondeni kilomita kumi na kitu. Ilijengwa miaka ya 1860 kubeba mawe ya kuezekea nyumba kutoka machimboni. Ni nyembamba: reli zake mbili zimeachana milimita 686 tu, wakati reli yetu ya zamani ni mita moja. Mwaka 1911 mbunge wa huko, Henry Haydn Jones, aliinunua pamoja na machimbo. Machimbo yalifungwa mwishoni mwa 1946, reli ikabaki haina mzigo wala faida, lakini mzee alikuwa ameahidi kwamba treni itatembea maadamu yeye yuko hai. Ikatembea. Nyasi zilifunika reli, tiketi ziliuzwa kupitia kidirisha cha behewa la gadi, na alipofariki 1950 injini pekee iliyoweza kufanya kazi ilikuwa Dolgoch, ya 1866. Mwaka uliofuata kikundi cha watu wa kujitolea, wakiongozwa na mwandishi Tom Rolt, kilichukua usukani. Inahesabiwa kuwa reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wasiolipwa.

Miongoni mwa waliokuja kujitolea mwaka 1952 alikuwa kasisi mmoja, Wilbert Awdry. Humjui kwa jina lakini unamjua: ndiye aliyeandika hadithi za Thomas, ile injini ya buluu uliyoitazama kwenye televisheni ukiwa mdogo. Talyllyn alifanya kazi ya gadi. Na siku moja akaruhusu treni iondoke huku mama aliyekuwa akiwauzia abiria chai na vitafunio amebaki stesheni.

Nafikiria sana treni hiyo. Ilikuwa imejaa watalii waliokuja kuangalia milima na kunusa moshi. Kama kuna treni duniani iliyokuwa na nafasi ya kungoja, ni hiyo. Kuka alikuwa na sababu nzito ya kutongoja, akangoja. Awdry alikuwa na kila sababu ya kungoja, akaondoka. Lakini nadhani kosa lao ni moja. Kabla ya bendera, kazi ya gadi ni kujua nani yuko ndani na nani yuko nje. Kuka alimwona aliye nje akasahau walio ndani. Awdry alikuwa na walio ndani akasahau aliye nje. Wote wawili walikuwa wanahesabu nusu ya treni.

Na angalia kilichofuata. Kwenye reli ndogo vile huwezi kujificha. Wote mnajuana, na stori haitakuacha. Awdry hakujaribu hata kujificha. Aliigeuza kuwa hadithi ya watoto katika kitabu chake cha 1955, akaruhusu vizazi vizima vimcheke. Kijana wa telegramu naye alijua mlango wa kubisha. Alitembea hadi behewa la mwisho, akamkuta mtu.

Hilo ndilo nadhani tumelipoteza, kuliko ule mvuke. Injini za mvuke zilikuwa chafu, zilichoma nguo za watu kwa cheche, na mimi siombi zirudi. Lakini leo ukiachwa Nairobi, nani amekuacha? Simu inakwambia safari imeghairiwa. Mfumo umefunga saa kumi kamili. Yule wa dirishani anasema si mimi, ni sistimu. Anasema kweli. Hana bendera ya kukunja, kwa hivyo hana pia lawama ya kubeba. Umeachwa na treni isiyo na behewa la gadi.

*

Baada ya yule kijana, Kuka alibadilisha kazi yake. Hakuacha kungoja. Alichofanya ni hiki: akiona mtu anakuja mbio, anatembea haraka kando ya mabehewa akiita madirishani, "Kuna anayeshika treni ya jankisheni? Ana shida nikingoja?" Kama hakuna mkono, anakunja bendera. Kama kuna mkono, hata mmoja, anapuliza filimbi.

Ilimgharimu. Siku moja mkono uliinuliwa na aliyekuwa akikimbia ni mzee wa ukoo wetu, mtu aliyemsaidia Kuka kupata kazi hiyo hiyo ya reli. Kuka alimwacha pale kwenye vumbi. Mzee hakumsemesha mwaka mzima. Lakini kesho yake asubuhi, treni ikirudi, Kuka alishuka akamtafuta, akasimama mbele yake akatukanwa. Alisema hiyo pia ni kazi ya gadi, ingawa haikuwa kwenye kitabu cha kanuni.

Nilidhani nimepata jibu hapo. Uliza kwanza, basi. Halafu nikapata bendera yangu mwenyewe.

Nikiwa chuo nilifanya kazi ya muda kwenye ofisi ya kampuni moja ya mabasi hapa Nairobi. Nilikata tiketi na kuruhusu mabasi ya usiku. Ilikuwa Desemba, wiki ya Krismasi, na si unajua vile mji huwa unajimwaga wiki hiyo. Basi letu la kwenda magharibi lilitakiwa kutoka saa tatu usiku. Saa tatu kasoro dakika mbili simu ikalia. Mama mmoja, ana mtoto, amekwama kwenye jam. "Kijana wangu, niko hapa tu, naona hata roundabout."

Ukifanya kazi hiyo unajifunza kwamba "niko hapa tu" ni nchi kubwa sana. Mtu akiwa Githurai yuko hapa tu. Mtu akiwa bado anafunga mlango wa keja yuko hapa tu. Hilo nalo ni sehemu ya swali: anayetaka kungojewa anadaiwa ukweli, na sisi wote tumeitumia hiyo sentensi vibaya hadi mama anayesema kweli haaminiki.

Nikafanya alivyofanya Kuka. Nilipanda basi, nikasimama mbele, nikasema kuna mama na mtoto, wamekwama, wanaomba dakika kumi. Kuna mwenye shida? Kwanza kimya. Halafu mtu wa nyuma akasema twende bana, watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Nyanya mmoja akasema tungoje, hata yeye ni mama. Kijana mmoja karibu na dirisha akainua mkono. Alisema pole pole kwamba anaripoti kazi mpya saa mbili asubuhi, siku yake ya kwanza, na basi likichelewa sana hataingia. Watu wakanyamaza. Dereva akasema dakika kumi anaweza kuzifidia barabarani bila kukimbiza gari kijinga, zaidi ya hapo hawezi. Nikamwangalia yule kijana. Akatikisa kichwa kukubali. Kumi.

Tukangoja kumi. Hakutokea. Nikampigia, simu haikushika. Nikaliruhusu basi.

Alifika dakika mbili baadaye, mtoto mgongoni, begi limekatika mkanda. Alikuwa akisema kweli. Aliona kweli roundabout. Alisimama akaangalia nafasi tupu mahali basi lilipokuwa, kama vile likiangaliwa sana litarudi.

Basi lililofuata lilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Nilimbadilishia tiketi bila kumtoza. Zamu yangu ilikuwa imeisha lakini sikuona vile ningeenda nyumbani, kwa hivyo nilikaa. Nilinunua chai na mandazi. Mtoto akalala kwenye magunia ya mizigo. Nikamweleza mama kila kitu: kwamba niliwauliza, kwamba kulikuwa na kijana wa kazi mpya, kwamba walikubali kumi. Nilidhani maelezo yatamsaidia. Kusema ukweli, nilidhani yatanisaidia mimi.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Uliwauliza wao. Mimi hukuniuliza. Ungeniambia ni dakika kumi, ningeshuka kwenye matatu nikimbie."

Sikuwa na jibu. Bado sina. Nilikuwa nimemfanyia yeye kile Kuka alichomfanyia yule kijana, na nilikuwa nimekifanya nikiwa na uhakika kwamba nimejifunza.

Alfajiri ilipofika nilimbebea begi hadi kwenye basi, nikamfungia mkanda kwa kamba ya mizigo. Alipanda, akafungua dirisha, akauliza jina langu. Nikamwambia. Akalirudia polepole, kama mtu anayelihifadhi, sijui kwa maombi au kwa malalamiko. Halafu nikaangalia ndani ya basi, nikaangalia nje hadi mwisho wa barabara, nikaangalia ndani tena. Hakukuwa na mtu anayekimbia. Nikagonga bodi ya gari mara mbili, likaondoka.